Alice Springs: Nchi ya Ndege Afichaye Maradhi Yake

Katikati ya bara la Australia, mbali na bahari kwa kila upande, umekaa mji uitwao Alice Springs. Mtu atokaye huko kwenda Adelaide upande wa kusini hana budi kusafiri kilomita zipatazo 1,500, na akielekea Darwin upande wa kaskazini mwendo karibu ni ule ule. Ardhi ya huko ni nyekundu kama tofali lililochomwa. Safu ya milima ya MacDonnell imelala kutoka mashariki hadi magharibi mfano wa ukuta mkongwe, na mto Todd umejitobolea mlango katika ukuta huo.

Todd huitwa mto kwa heshima tu, kwani sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Tangu mwaka 1962 wenyeji hufanya humo mashindano ya mashua, na mashua zenyewe hazina sakafu: washindani huzishika viunoni wakakimbia kwa miguu mchangani. Mwaka 1993 mashindano hayo yalivunjwa kwa sababu iliyowashangaza wageni, nayo ni kwamba mtoni palikuwa na maji.

Mvua ya huko hukadiriwa kuwa milimita 280 kwa mwaka, lakini hesabu hiyo haimsaidii mtu kupanga shughuli zake. Mwaka mmoja mvua huzidi mara mbili ya kiasi hicho, na mwaka mwingine haifiki hata nusu. Mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Usiku wa kipupwe baridi huweza kuteremka chini ya sifuri. Katika nchi ya namna hii ndiko anakotoka ndege mdogo ambaye leo anajulikana katika nyumba za dunia nzima: bajerigari, au baji kama wengi wamwitavyo kwa ufupi.

MAPAMBAZUKO KWENYE DIMBWI

Baji ni wa jamii ya kasuku, ila ni kasuku aliyepunguzwa hadi kutoshea kiganjani. Urefu wake, tangu utosini hadi ncha ya mkia, ni sentimita zipatazo 18, na uzito wake porini ni gramu 30 hadi 40. Rangi yake ya asili ni kijani chenye manjano usoni, na mgongoni ana mistari myeusi iliyojipanga kama mawimbi. Wale wa samawati, weupe na wa rangi nyingine wauzwao madukani ni uzao wa vizimbani. Porini rangi hizo hazidumu.

Watu wa asili wa nchi hiyo walimjua ndege huyu zamani za kale. Wawarlpiri, ambao baadhi yao wanakaa Yuendumu, mwendo wa kilomita zipatazo 290 kaskazini magharibi ya Alice Springs, humwita ngatijirri. Yumo katika masimulizi yao matakatifu na katika michoro yao mashuhuri. Kwao kundi la baji lirukalo angani lilikuwa pia habari njema, maana penye baji pana maji karibu.

Anayetaka kuwaona na aende kwenye dimbwi alfajiri, baada ya mwaka wa mvua nzuri. Kwanza husikika mlio, kisha wingu la kijani huinuka juu ya mikaratusi, likageuka lote kwa pamoja kama shuka iliyokung'utwa, likashuka majini. Ndege hawa hunywa kwa haraka na kuondoka. Hawakawii, kwa sababu si wao peke yao waliokuja dimbwini. Kozi amekaa kimya katika tawi la mti mkavu, na mwewe anazunguka juu.

Kozi hamchagui ndege kwa bahati nasibu. Macho yake humtafuta yule aliyebaki nyuma, arukaye upande, au aliyevimbisha manyoya hali wenzake wamejibana tayari kwa kuondoka. Kwa hiyo katika nchi hiyo ndege mgonjwa ana njia moja tu ya kuiona jioni: afanane na wazima. Hata kama tumbo linamchoma, hana budi kusimama wima, kudonoa pamoja na wenziwe, na kuruka wanaporuka. Siku anaposhindwa kujifanya mzima ndiyo siku anayokamatwa.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Binadamu huficha maradhi kwa aibu au kwa hofu ya gharama, baji huyaficha kwa kumwogopa kozi. Tabia hiyo ameichukua tangu enzi na enzi, nayo haikumtoka alipoingizwa katika tundu la nyumbani, ambako hakuna kozi wala mwewe. Hapo ndipo ilipo asili ya msiba unaozikuta nyumba nyingi: ndege aliyeimba juzi anaokotwa leo sakafuni mwa tundu, na wenye nyumba wanasema amekufa ghafla. Mara nyingi hakufa ghafla. Alikuwa mgonjwa kwa siku nyingi, ila hakuna aliyejua kumsoma.

KUTOKA NYIKANI HADI BARAZANI

Mtaalamu wa ndege wa Uingereza, John Gould, alifika Australia mwaka 1838 kuchunguza ndege wa huko. Aliporejea kwao mwaka 1840 alichukua baji wachache waliokuwa hai, na watu wa London wakastaajabu. Ndege huyo alikuwa mzuri, mpole, anakula mbegu kavu, na dume lake likifundishwa huweza kuiga maneno ya binadamu. Muda si muda baji wakawa wanazaliwa katika vizimba vya Ulaya, na kutoka huko wakaenea duniani.

Katika mji wa Alice Springs wenyewe msafiri huweza kuona jambo la kufikirisha. Tundu limetundikwa barazani, na ndani yake baji wawili, mmoja samawati na mwingine manjano, wanaruka kijiti hadi kijiti. Kundi la baji wa porini linapopita juu ya paa, wale wa tunduni huinua vichwa na kuitikia. Ndege ni mmoja. Kilichogeuka ni maisha yake. Yule wa angani akiugua hulindwa na wingi wa wenzake mpaka nguvu zimwishie. Huyu wa barazani analindwa na jicho la mwenye nyumba peke yake.

Jicho hilo halina budi kufundishwa. Kwanza lijue uzima, ndipo liweze kuujua ugonjwa. Baji mzima hulala akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kichwa amekigeuza mgongoni. Asubuhi hujinyoosha bawa na mguu wa upande mmoja, hujikung'uta, kisha huanza kelele. Macho yake ni ya mviringo na yanang'aa. Kinyesi chake ni kidogo, kina sehemu ya kijani au kahawia iliyojikunja, na sehemu nyeupe ambayo ni mkojo wake. Mwenye kuyajua haya kwa ndege wake mwenyewe amekwisha kupata nusu ya elimu ya uganga.

DALILI NDOGO ZISEMAZO MAKUBWA

Dalili ya kwanza ambayo haifai kupuuzwa ni manyoya kuvimba wakati wa mchana. Kila ndege huvimbisha manyoya kidogo anaposinzia au kunapokuwa na baridi. Lakini baji akaaye kama mpira saa nne za asubuhi, akisimama kwa miguu yote miwili, macho nusu yamefumba, huyo anapigania joto la mwili wake. Joto la damu yake ni la juu kuliko la binadamu, kiasi cha nyuzi 41, na mwili mdogo hupoteza joto upesi.

Dalili ya pili ni chakula, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Baji hamezi maganda. Huibangua mbegu kwa mdomo na kuliacha ganda lianguke humo humo bakulini. Mwenye nyumba hutupa jicho, akaona bakuli limejaa, akadhani chakula kipo. Kumbe yamejaa makapi matupu, na ndege anashinda na njaa. Vile vile kuna ndege mgonjwa ambaye huketi bakulini mchana kutwa akibangua mbegu bila kuzimeza. Aonekana mlafi, na huku anakonda. Kwa hiyo yafaa kila asubuhi kupuliza makapi, kutazama kilichobaki, na kuhesabu kinyesi kilichoanguka katika karatasi ya chini. Kinyesi kikipungua sana, chakula hakiingii.

Dalili ya tatu ni uzito. Manyoya huficha kukonda kama kanzu pana inavyoficha mbavu za mgonjwa. Mkono wa mtu hautambui kupungua kwa gramu 3, lakini kwa ndege wa gramu 35 hiyo ni karibu sehemu moja katika kumi ya mwili wake. Ni kama mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 6 au 7 bila kujua sababu. Dawa ya upofu huo ni mizani ndogo ya jikoni isomayo gramu moja moja. Ndege hupimwa asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa juma, na hesabu ikaandikwa katika daftari. Asiye na mizani na apapase kifua kwa ncha ya kidole: mfupa wa kidari ukichomoza kama kisu, nyama imekwisha kuyeyuka.

Dalili ya nne ni pumzi. Ndege aliyetoka kuruka, au aliye katika joto kali, huweza kuhema kwa mdomo wazi kwa muda kidogo. Lakini ndege aliyetulia ambaye mkia wake unapanda na kushuka kwa kila pumzi, au mwenye kutoa mlio mwembamba wa kukoroma, ana shida katika njia ya hewa. Pengine ni mapafu. Pengine ni rovu, yaani tezi ya shingoni iliyovimba na kuibana njia ya pumzi, ugonjwa ambao huwapata baji waliolishwa mbegu tupu zisizo na iodini ya kutosha.

Dalili ya tano ni kutapika. Baji aliye mzima humlisha mwenzake, na hata kioo chake, kwa kutoa chakula taratibu, huku akitikisa kichwa kwa madaha. Huo si ugonjwa. Mgonjwa hurusha kichwa huku na huku, na mbegu na ute zikamganda usoni na utosini. Mojawapo ya sababu zake ni namna ya ukungu ambao hukaa tumboni mwa ndege hawa na kuwakondesha hata wanapokula sana.

Yako pia mambo ya nje yaonekanayo kwa urahisi. Juu ya mdomo wa baji, penye matundu ya pua, kuna nyama laini. Kwa dume lililokomaa huwa ya samawati, na kwa jike huwa nyeupe au kahawia, ingawa baadhi ya rangi za kufugwa zina hitilafu. Dume ambalo nyama yake ya pua yageuka kutoka samawati kuwa kahawia huenda lina uvimbe katika korodani zilizomo tumboni. Kadhalika baji anayechechemea mguu mmoja bila kuumia huenda ana uvimbe wa figo au wa viungo vya uzazi unaobana mshipa wa fahamu. Na yule mwenye magamba yenye vitundu vidogo kama sifongo mdomoni, usoni na miguuni ana utitiri wa ngozi. Huo hutibika vizuri, ila ukiachwa huupotosha mdomo.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Katika mambo hayo yote, mengine yampa mwenye ndege siku moja au mbili za kutafuta mganga. Mengine hayampi hata usiku mmoja. Ndege aliyeshuka kukaa sakafuni mwa tundu amekwisha kushindwa kujificha. Porini kozi angekuwa amemchukua. Ndege ahemaye kwa mdomo wazi hali ametulia, aliyepatwa na kifafa, asiyekula kwa siku nzima, au jike linalojikamua kwa yai lililokwama, wote hao ni wa kupelekwa siku ile ile.

Damu nayo ni jambo la haraka. Damu yote ya ndege wa gramu 35 haizidi sana mililita 3, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Unyoya mchanga ukivunjika, au ukucha ukikatwa mno, matone ambayo kwa binadamu si kitu huweza kumwua ndege. Wanga wa mahindi ukibanwa juu ya ukucha kwa kidole husaidia kuzuia damu wakati safari ya kwenda kwa mganga inaandaliwa.

Mapafu ya ndege huchuja hewa kwa nguvu kuliko ya mnyama, na kwa sababu hiyo sumu ya hewani humwua upesi. Moshi wa kikaango cha kisasa kisichoshika chakula, kikisahauliwa motoni mpaka kikapata joto kupita kiasi, huweza kuua ndege wote wa nyumba kwa dakika chache, hali watu wenyewe hawakusikia harufu kubwa. Parachichi ni tunda jema kwa binadamu na ni sumu kwa ndege hawa. Vile vile vipande vya risasi na zinki, ambavyo baji hupenda kuvitafuna, humletea kutapika, kifafa na kifo.

JOTO, GIZA NA UTULIVU

Mashamba ya ng'ombe yaliyolizunguka eneo la Alice Springs ni makubwa mno, na baadhi ya familia husafiri mamia ya kilomita kufika mjini. Mji una waganga wa wanyama, lakini wale waliosomea ndege hasa hupatikana zaidi katika miji mikubwa ya pwani. Kwa hiyo mwenye ndege anayekaa mbali hana budi kujua namna ya kumhifadhi mgonjwa njiani. Elimu hiyo yamfaa pia mtu wa mjini ambaye ndege wake ameugua usiku.

Jambo la kwanza ni joto. Mgonjwa huwekwa katika tundu dogo au sanduku lenye matundu ya hewa, mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 30. Taa au chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa huwekwa upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto apate pa kukimbilia. Akianza kuhema na kuyatanua mabawa, joto limezidi.

Jambo la pili ni kumpunguzia kazi. Vijiti virefu huondolewa, kitambaa laini hutandikwa chini, na mbegu na maji huwekwa karibu na mdomo wake. Maji hayamiminwi kooni kwa nguvu, maana huingia mapafuni. Jambo la tatu ni giza la kadiri na utulivu: watoto, paka na redio wakae mbali.

Anapokamatwa, mkono usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama binadamu. Hupumua kwa kukiinua na kukishusha kidari chake. Akibanwa kifua, hata kwa mapenzi, huziba pumzi.

MBELE YA MGANGA

Mwenye kwenda kwa mganga achukue mambo manne: ndege mwenyewe, karatasi yenye kinyesi cha siku hiyo, mfano wa chakula anachokula, na daftari la uzito. Mganga ajuaye kazi yake hamkamati ndege mara moja. Humtazama kwanza kwa mbali akiwa ametulia, kwani baji akimwona mgeni hujikaza na kujifanya mzima. Ni ile ile desturi ya dimbwini. Baada ya dakika chache hujisahau, mkia ukaanza kupanda na kushuka, na ukweli ukadhihirika. Hapo ndipo mganga humpima uzito, humpapasa mfuko wa chakula wa shingoni, na kukitazama kinyesi kwa hadubini.

Kosa kubwa la wafugaji wengi ni kununua unga wa dawa ya kuku na kuutia katika maji ya kunywa. Kosa hilo lina mizizi katika kutoijua nchi ya ndege huyu. Baji ni mwana wa nyika kavu. Hunywa maji kidogo sana, na akiugua huenda asinywe kabisa. Maji yakibadilika ladha huyaacha. Dawa hubaki bakulini, ugonjwa hubaki mwilini, na siku zinapotea. Mganga humpa dawa kwa tone mdomoni au kwa sindano, kwa kipimo kilichotokana na gramu za mizani.

Wapo wasemao kwamba hakuna haja ya gharama hizo, maana bei ya baji mpya ni ndogo kuliko malipo ya mganga. Maneno hayo yana hesabu, lakini hayana haki. Aliyemfunga ndege tunduni amemnyang'anya kundi lake, mti wake na uwezo wa kujitafutia. Amejitwika yeye mwenyewe wajibu wa kundi na mti. Tena, si kila mgonjwa atapona. Uvimbe wa figo, kwa mfano, kwa kawaida hauna tiba. Hata hivyo mganga huweza kumpunguzia maumivu au kumpa mwisho usio na mateso, na mtoto aliyempenda ndege huyo hujifunza kwamba udhaifu si sababu ya kiumbe kuachwa.

AFYA YA WATU WA NYUMBA

Iko sababu nyingine ya kutopuuza ugonjwa wa baji. Uko ugonjwa uitwao homa ya kasuku, uletwao na vijidudu vya Chlamydia psittaci, ambao huweza kutoka kwa ndege na kumwingia mtu. Katika miaka ya 1929 na 1930 ulienea katika nchi nyingi kwa njia ya kasuku waliouzwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wengi wakafa. Leo zipo dawa za kuutibu, mradi ujulikane mapema.

Ndege mwenye ugonjwa huo huweza kuvimba manyoya, kutokwa na ute machoni na puani, na kutoa kinyesi cha kijani kibichi. Mwingine haonyeshi dalili yoyote. Mtu hupata homa, maumivu makali ya kichwa, kikohozi kikavu, na pengine homa ya mapafu. Anayefuga ndege akipatwa na hali hiyo na amwambie tabibu wake bila kuchelewa kwamba nyumbani kuna ndege, kwa sababu tabibu asiyeambiwa huenda asiliwaze jambo hilo. Karatasi ya tundu inyunyiziwe maji kabla ya kuondolewa, ili vumbi la kinyesi lisiruke. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na ndege mgeni akae peke yake kwa muda wa siku zisizopungua 30 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

FUNZO KWA AFRIKA YA MASHARIKI

Habari za Alice Springs si ngeni sana kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki. Nyika za kusini ya Ziwa Viktoria nchini Tanzania ni kwao kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya machungwa, ambao katika miaka ya 1980 walikamatwa na kusafirishwa ng'ambo kwa wingi, na leo wanafugwa duniani kote. Nao huruka kwa makundi, nao humwogopa kozi, nao huficha maradhi. Baji wenyewe wanafugwa katika miji mingi ya ukanda huu. Dalili zilizoelezwa hapa, kwa sehemu kubwa, zawahusu wote.

Waganga wengi wa mifugo wa huku wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Mganga aliyeshika kuku wengi wenye kideri anajua pumzi ya ndege, anajua kinyesi, na anajua kutumia hadubini. Akiletewa ndege mapema, pamoja na daftari la uzito, ana pa kuanzia. Vyuo vikuu vyenye mafunzo ya uganga wa mifugo, kama Sokoine mjini Morogoro, Makerere mjini Kampala na kile cha Nairobi, ni mahali pengine pa kuuliza. Jambo la busara ni kumtafuta mganga wakati ndege yu mzima, si usiku ambao amelala sakafuni. Na mwenye kutaka kumpasha joto mgonjwa wake asithubutu kumweka kando ya jiko la makaa, maana hewa yake itamwua kabla ya ugonjwa.

Jua linapotua Alice Springs milima ya MacDonnell hugeuka zambarau, na makundi ya baji hurejea katika mikaratusi ya mto usio na maji. Hugombana kidogo matawini, kisha hunyamaza. Hapana ajuaye ni wangapi miongoni mwao wameumaliza mchana kwa kujikaza. Barazani, mwenye nyumba hulifunika tundu kwa kitambaa. Kabla ya kulifunika, kama ni mtu mwangalifu, huinama akatazama: mguu mmoja umekunjwa, kichwa kimegeuzwa mgongoni, mkia umetulia. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na kwa ndege asiyeweza kusema wala asiyetaka kujulikana, dakika hiyo ndiyo ulinzi wake wote.